Gumzo la Ukoo: Lori Linakula Oili

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Lori limerudi jana kutoka Tunduma. Oili lita 9, safari moja! Gereji wanasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe. Nipeni ushauri kabla sijauza kiwanja.

Shangazi Mama Asha: Lita 9? Isije ikawa kuna mtu anaziuza kwa kidumu njiani.

Saidi Dereva: Shikamoo shangazi. Mimi nimo humu.

Shangazi Mama Asha: Marahaba. Najua umo 😂

Baba Mdogo Mbeya: Tulieni. Saidi, stiki unaichomoa saa ngapi?

Saidi Dereva: Shikamoo baba mdogo. Asubuhi kabla sijawasha, lori likiwa sehemu tambarare. Naongeza mpaka alama ya juu, sipitilizi.

Baba Mdogo Mbeya: Marahaba. Hapo uko sawa. Kuna wanaopima injini ikizimwa tu, oili bado haijashuka, wanaona pungufu, wanajaza kupita kiasi, halafu inatemwa kwenye brizeri, lile bomba la kupumulia injini. Kisha wanalalamika injini inakula oili.
Haya, hesabu. Dar–Tunduma kwenda na kurudi ni kama km 1,850. Dizeli ilikwenda ngapi?

Saidi Dereva: Lita 900 na kidogo.

Baba Mdogo Mbeya: Injini ya umri ule, nusu asilimia ya dizeli naivumilia. Hiyo ni lita 4 na nusu. Wewe uko mara mbili. Shida ipo, ila ringi bado sijaziona.

Hamisi: Fundi kaona moshi.

Baba Mdogo Mbeya: Rangi gani, na saa ngapi? Mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri. Wa bluu ndio oili.

Saidi Dereva: Bluu. Asubuhi nikiwasha hakuna. Lakini kwenye foleni ya mzani Vigwaza, injini ikiunguruma muda mrefu halafu nikanyage, linatoka wingu.

Baba Mdogo Mbeya: Mmh. Chini panadondosha? Rejeta ina utando wa oili? Matangi ya upepo wa breki ukiyafungua yanatoa nini?

Saidi Dereva: Chini pakavu. Rejeta safi. Matangi yanatoa maji tu.

Baba Mdogo Mbeya: Basi kompresa ya upepo haitemi oili, tuiache. Washa, ipate moto, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukaza.

Saidi Dereva: [Video] Kinatetemeka kidogo tu.

Baba Mdogo Mbeya: Ringi zingekuwa zimekwisha, hicho kingecheza ngoma, maana upepo wa mwako ungepenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye oili. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukuzuia kuuza kiwanja. Zima. Fungua mpira unaotoka tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, kwenda intakula inayopoza hewa hiyo.

Saidi Dereva: [Picha] Oili imenimwagikia mpaka kwenye viatu!

Hamisi: Duh.

Baba Mdogo Mbeya: Ikipoa, shika shafti ya tabo. Kuyumba pembeni kidogo ni kawaida, beringi zake zinaelea kwenye oili. Mimi nataka uisukume na kuivuta.

Saidi Dereva: Inaingia na kutoka. Mapanga yamekwangua ukuta.

Hamisi: Alhamdulillah. Leo hii nanunua tabo.

Baba Mdogo Mbeya: Mpya nayo itakufa kama hujui nini kimeiua hii. Chomoa bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo. Likiziba masizi, oili inakosa pa kushuka, inapita kwenye sili zinazoizuia hata ziwe mpya. Na eya klina, chujio la hewa, mmebadilisha lini?

Saidi Dereva: Huwa naipuliza na upepo.

Baba Mdogo Mbeya: Nimeuliza lini.

Saidi Dereva: Kabla ya mvua za mwaka jana 🙈

Baba Mdogo Mbeya: Hiyo ndiyo ya kununua kwanza! Ikiziba, tabo inanyonya kwa nguvu na kuvuta oili kwenye sili. Ikitoboka kwa kupulizwa, vumbi linaingia, hapo ringi zitakwisha kweli.
Intakula nayo oshani yote. Oili ikibaki humo, moshi utaendelea na mtasema mmeuziwa tabo bovu. Mbaya zaidi, injini ikiinyonya kwa mkupuo itajiendesha kwa oili hiyo, ukizima swichi haizimiki.
Na ukimaliza kupanda mlima Kitonga usizime hapohapo. Iungurume dakika 3 hivi, la sivyo oili inaungulia kwenye beringi za tabo.

Saidi Dereva: Pale juu huwa nasimama kula, baba mdogo.

Baba Mdogo Mbeya: Agiza kwanza, kikija ndio uzime.

Shangazi Mama Asha: Hamisi, kiwanja kimepona. Mchango wa harusi ya Neema unatuma lini?

Hamisi: Shangazi, eya klina kwanza 🙏🏾