Nukta za sensa ya Tanzania: mstari mnyoofu au mkunjo?

kijana_f5: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Tumepewa idadi ya watu Tanzania kwa kila sensa tangu Muungano, tuploti afu tuchague fomula inayofaa. Kwa milioni: 1967 ni 12.3, 1978 ni 17.5, 1988 ni 23.1, 2002 ni 34.4, 2012 ni 44.9, 2022 ni 61.7. Mwenzangu anataka apige rula tu, mi naona parabola (mkunjo wa fomula yenye mraba), ila pale 1988 kwenda 2002 grafu inaruka ghafla afu inatulia. Tunaamuaje bila kubahatisha?

mama_logi: Mdogo wangu, kabla ya fomula cheki mhimili wa miaka. Sensa hazijapishana sawa, kuna miaka 11, kuna 10, na hapo unaposema inaruka ni miaka 14, sasa ukiweka nukta zote kwa nafasi moja lazima iruke. Tumia skeli, sentimita 1 kwa miaka 5, utaona mkunjo unakaa vizuri kabisa.

fundi_namba: Mama kamaliza hilo. Rula haifai: mwanzoni watu waliongezeka kama milioni 0.47 kwa mwaka, 2002 hadi 2012 ni 1.05, 2012 hadi 2022 ni 1.68, na mstari mnyoofu unataka ongezeko lisibadilike. Parabola nayo inataka ongezeko lipande kwa hatua sawa, hapa mwishoni limepaa.

kijana_f5: Asante sana wakuu, kwa hiyo inabaki ipi?

mama_logi: Eksponensho, yaani kila mwaka idadi inazidishwa kwa namba ileile. Chukua logi (ya msingi 10) ya kila idadi, uploti logi dhidi ya miaka, nukta zitajipanga karibu kwenye mstari mnyoofu, hapo ndo rula ina kazi. Logi ya 12.3 ni 1.09, ya 61.7 ni 1.79, tofauti 0.70 gawa kwa miaka 55 unapata mteremko 0.0127, ukirudisha kutoka kwenye logi (10^0.0127) ni 1.03, yaani asilimia 3 kwa mwaka. Kwa hiyo P = 12.3 × 1.03^t, P ni idadi kwa milioni, t ni miaka tangu 1967. Na usiishie hapo, ijaribu kwenye sensa za katikati ambazo hukuzitumia: 2002 inatoa 34.6, safi sana, 2012 inatoa 46.5 wakati waliohesabiwa ni 44.9, andika hiyo tofauti kwenye kazi yako usiifiche.