Hadubini: nikifika mara 400 naona giza, nifanyeje?

Wakuu, naomba ushauri. Nafundisha baiolojia kidato cha kwanza, hadubini yetu ni moja tu na haina taa, inategemea kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani. Lenzi ya jicho ni 10. Nikiweka lenzi ya 4, yaani mara 40, ngozi ya kitunguu yenye iodini inaonekana safi, seli zimejipanga kama matofali. Nikihamia lenzi ya 40, najua kipenyo cha eneo linaloonekana kinapungua mara kumi, sawa, lakini giza linatanda na seli niliyoilenga haipo kabisa! Jana nusura nipasue slaidi kwa kuzungusha skrubu kubwa ya kulenga. Nifungue zaidi tundu la mwanga, au kipande changu ni kinene? Na lenzi ya 100, mafuta yake ya kudondoshea juu ya slaidi hatuna, niiache tu?