Nibaki na watoto wa nasari au nikauze bima?

Mwalimu_wa_Nasari: Hamjambo wadau. Nafundisha nasari shule ya kibinafsi huku Kayole, Nairobi. Nalipwa 15,000, na karo isipoingia tunaambiwa tuvumilie. Mdogo wangu anaundia benki programu za simu, ofisi iko Upper Hill. Kodi ya nyumba yake inaupita mshahara wangu. Simwonei wivu (haya, kidogo). Sasa nimepata nafasi ya kuuza bima kwa kamisheni. Niende? Na mbona kazi inayofaa watu hailipi?

Baba_Wawili: Mwalimu, swali hilo ni la kale. Adam Smith aliliuliza mwaka 1776: maji ni uhai, almasi ni pambo tu, mbona almasi ndiyo ghali? Wanauchumi wa miaka ya 1870 wakajibu kwamba bei haipimi faida ya maji yote duniani, hupima ile ndoo moja ya ziada. Maji yakiwa tele, ndoo hiyo ni rahisi. Ndivyo ilivyo kwako: walimu wenye vyeti ni wengi kuliko nafasi. Ukitoka leo, mwenye shule ana barua za maombi mezani.

Nesi_Mstaafu: Uadimu pekee hautoshi, Baba Wawili. Madaktari hawajawahi kututosha, na bado waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013. Tazama nani anayelipa. Wewe Mwalimu unalipwa na mama mboga na mtu wa boda, basi mshahara wako utapitaje mifuko yao? Tena programu moja ya mdogo wako inahudumia wateja wote wa benki kwa mpigo. Wewe hata uwe hodari vipi, darasa ni lile lile, na ukiwaongeza watoto unaharibu kazi.

Karani_BuruBuru: Nadharia tamu, kodi je? Chini ya Katiba ya 2010 nasari za umma ni za kaunti, si za TSC, ile tume ya kuajiri walimu. Fuatilia nafasi za kaunti zikitangazwa. Kama una cheti tu, soma diploma wakati wa likizo. Na hiyo bima, kuna mshahara wa msingi? Kamisheni tupu utawauzia shangazi zako, halafu?

Mwalimu_wa_Nasari: Shangazi ninao wawili, mmoja tayari ana bima. Nimepiga simu kuuliza: mshahara wa msingi hakuna. Cheti ninacho, diploma sina. Karani, kuna chuo huku Eastlands kinachokubali karo kwa awamu?