Binti wa miaka mitano na nusu: aanze na kinanda, fidla, au aimbe tu kwanza?

MamaTanga
Wadau, naomba mwongozo. Binti yuko chekechea, ana miaka 5 na nusu. Nyumbani kuna kinanda kidogo cha vibonye 37, na kuna mwalimu wa fidla aliye tayari kuja kila Jumamosi kwa saa nzima. Babake anasema asubiri afike darasa la tatu. Je, akichelewa anakosa kitu? Na kipi kitangulie? Noti mimi sizijui, kwa hiyo naomba nielekezwe taratibu.

SikioKwanza
Dada, kuanza muziki ni jambo moja, kuanza chombo ni jingine. Chombo kinaweza kusubiri. Sikio halisubiri darasa la tatu.

Watu wanaoweza kutaja noti kwa kuisikia tu, bila kupewa noti ya kuanzia, wengi wao walianza kabla ya miaka 6 au 7. Pia kuna utafiti wa 1995 wa Gottfried Schlaug na wenzake: wanamuziki walioanza kabla ya miaka 7 walikutwa na sehemu ya mbele ya kiungo kinachounganisha pande mbili za ubongo ikiwa kubwa zaidi. Hiyo haimaanishi kwamba anayeanza na miaka 10 amechelewa gari. Wapo wapigaji wazuri kabisa walioanza hapo. Na anayekuuzia masomo ya muziki kwa ahadi ya alama za hesabu anauza kisichokuwemo dukani.

Kazi ya nyumbani ni dakika 10 kila siku, zisizidi. Anza na mapigo: tembeeni chumbani huku mkiimba wimbo anaoujua, mguu ukanyage kila pigo. Kisha miguu iendelee, makofi yafuate silabi za maneno. Hapo ndipo watoto wengi hukwama, miguu huanza kufuata makofi. Usimkemee, punguza mwendo.

Akishaweza, mpe tatu kwa mbili. Hesabuni 1 hadi 6 mfululizo. Makofi kwenye 1, 3 na 5. Mguu kwenye 1 na 4. Aliyezoea kusikia chakacha analo tayari mwilini, ni kulitenganisha tu.

Kwenye kuimba, anza na so na mi. Ni ule mwito wa watoto wakiitana uani, "Maa-ma!", sauti ya pili ikishuka. Zikikaa, ongeza la, kisha re na do. Fa na ti ziache mwisho kabisa, kwa sababu zina nusu hatua (mwachano mdogo kabisa kati ya noti mbili) na watoto huzikosa. Tumia do inayohama, kama kwaya zetu zinavyofanya, ili so iwe so popote wimbo unapoanzia.

Kosa kubwa la wazazi ni kuimba chini mno. Sauti ya mtoto wa umri huo hukaa vizuri kuanzia re iliyo juu ya do ya kati hadi la (hapa nataja vibonye vya kinanda, si do inayohama). Ukimwanzishia chini ya hapo atanguruma, halafu mtasema hana sauti.

Upinde_na_Nta
Nakubaliana na Sikio, ila fidla kwa miaka 5 si mapema. Shinichi Suzuki wa Japani alijenga mbinu yake yote juu ya watoto wadogo, kwa kusikiliza na kuiga kabla ya kusoma noti, mzazi akiwa amekaa pembeni. Kinachoharibu ni saa nzima ya Jumamosi. Mwombe aigawe: nusu saa mara mbili kwa wiki. Baada ya dakika 20 bega la mtoto limeshapanda sikioni, na kila anachopiga hapo anajifunza kwa mkao mbovu.

Kinanda cha vibonye 37 kitumie kutafutia noti ya kuanzia kuimba. Vibonye vyake kwa kawaida ni vyembamba kuliko vya piano, hivyo mkono ukivizoea utapotea ukikutana na piano kamili. Na ile midundo inayojipiga yenyewe izime. Mtoto atabonyeza kidole kimoja na kudhani amepiga wimbo.

UdiMjiMkongwe
Niongeze moja. Kama unataka siku moja apige taarabu, kinanda kisiwe mwalimu pekee wa sikio lake. Maqam (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) iitwayo Rast ikianzia kibonye cha do, mi yake na ti yake hukaa katikati, kati ya kibonye cheusi na cheupe. Kinanda cha kawaida hakina sauti hizo. Mtoto aliyekomazwa na kinanda peke yake akisikia Rast atasema fidla imepotea. Fidla na udi (chombo cha nyuzi cha taarabu) havina vizuizi vya vidole kama vya gitaa, kwa hiyo sauti hizo zinapatikana, mradi masikio yamezisikia mapema. Mwekee rekodi za taarabu za zamani wakati wa kula. Hakuna somo hapo, ni kusikia tu.

MamaTanga
Asanteni sana. Sasa fidla aliyonayo mwalimu ni ya saizi ya 1/2, anasema mtoto atakua nayo. Niikubali?

Upinde_na_Nta
Hapana, mama. Hiyo si sare ya shule. Mwambie binti anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikiwa begani, kisha akikumbatie kile kichwa cha mwisho kwa vidole. Kiwiko kinatakiwa kibaki kimepinda kidogo. Kikinyooka kabisa, fidla ni kubwa: kifundo cha mkono kitalala, vidole havitafika mahali pake, na kila noti itakuwa chini.

Pima pia kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Sentimita 43 hadi 46 mara nyingi ni 1/8. 46 hadi 51 ni 1/4. Kwa umri wake atakuwa kwenye moja ya hizo. Ukiweza azima au kodi, maana ataiacha baada ya mwaka au miwili.

Na kwa unyevu wa Tanga, vigingi vya kukazia nyuzi huvimba vikagoma kuzunguka. Usivilazimishe kwa koleo, hukatika. Tafuta fidla yenye skrubu ndogo za kukazia kwenye nyuzi zote nne, na usiiache ndani ya gari mchana, gundi huachia.