Kwa nini Makazi ya Kimataifa ya Shanghai hayakusalimika mwaka 1937?

Msomaji wa Tanga:
Ndugu wanajamvi, nimekuwa nikisoma habari za vita vya Shanghai vilivyoanza tarehe 13 Agosti 1937 baina ya China na Japani. Makazi ya Kimataifa, sehemu ya mji huo iliyokuwa chini ya wageni na kuendeshwa na Baraza la Manispaa lililochaguliwa na walipa kodi wa kigeni, yalihesabiwa kuwa eneo lisiloegemea upande wowote, lakini siku iliyofuata tu mabomu yakaanguka Barabara ya Nanking na kuua raia wengi. Je, mabalozi hawakufanya lolote?

Mwalimu Mstaafu:
Walifanya, ndugu yangu. Tarehe 18 Agosti Uingereza ilipendekeza majeshi ya pande zote mbili yaondolewe, na mataifa ya kigeni yachukue dhamana ya kuwalinda raia wa Japani waliokuwa mjini, Japani ikakataa. Ugumu ulikuwa kwamba Japani yenyewe ilikuwa mmoja wa wenye Makazi, ikishika mtaa wa Hongkew ng'ambo ya kijito cha Soochow, na huko ndiko ilikopigania. Mabomu uliyoyataja yaliangushwa na ndege za China zilizokuwa zikiiwinda Izumo, manowari ya Kijapani iliyotia nanga katika mto Huangpu, kando kabisa ya Makazi. Sioni namna ambavyo eneo lenye ngome ya mpiganaji mmoja lingeweza kuheshimiwa na adui yake.

Binti Saidi:
Shikamoo Mwalimu. Naomba kuongeza kwamba Makazi hayo yalizaliwa na mikataba ambayo China ilitiwa shinikizo kuikubali katika karne ya 19, kwa hiyo Wachina waliombwa kuheshimu mpaka uliochorwa na wageni juu ya ardhi yao wenyewe. Ndiyo maana namheshimu sana Padre Robert Jacquinot de Besange, Mjesuti wa Kifaransa aliyekuwa na mkono mmoja, ambaye alikwenda huku na huko baina ya meya wa China na makamanda wa Japani hadi wakakubali sehemu ya Nanshi, mtaa wa Wachina mjini humo, iwe kimbilio la raia. Hakudai bendera wala mamlaka mapya. Ardhi ilibaki ya China, na sharti kubwa lilikuwa pasiwe na vita ndani yake. Eneo hilo lilifunguliwa tarehe 9 Novemba 1937, likadumu hadi 1940, na inakadiriwa kwamba watu 250,000 walipata hifadhi humo.

Msomaji wa Tanga:
Ahsanteni sana. Basi mbona Nanjing, mwezi mmoja tu baadaye, raia waliuawa licha ya kuwapo eneo kama hilo?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba, binti yangu, umeeleza vyema. Kuhusu Nanjing, kamati ya eneo hilo, iliyoongozwa na Mjerumani John Rabe, haikupata kibali cha Japani, isipokuwa kauli kwamba haitashambulia mahali pasipo na wanajeshi. Mji ulipotekwa tarehe 13 Desemba, askari wa Japani waliingia katika eneo hilo na kuwatoa wanaume kwa maelfu, wakidai kuwa ni wanajeshi waliovua sare, na kuwaua. Hata hivyo, wengi wa waliokimbilia humo walinusurika, na hilo nalo si dogo. Mwaka 1949, Mkataba wa Nne wa Geneva, katika kifungu cha 15, uliweka utaratibu wa maeneo ya namna hii: makubaliano yaandikwe, na yatiwe saini na wawakilishi wa pande zinazopigana.