Mjadala: Viongozi wa kujitolea wa vikundi vya mazingira wawekewe ukomo wa muda au waachwe?

Nyasi_Kavu (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Naomba tujadili hili bila kutukanana. Kikundi chetu cha mazingira, tunasafisha mto na kupanda miti, kina mwenyekiti na katibu wale wale tangu kinaanza. Wote wanajitolea, hawalipwi hata senti. Katiba yetu imekaa kimya kuhusu muda wa uongozi, na mtu akigusia uchaguzi anaulizwa "wewe uko tayari kuifanya hii kazi bure?", basi kikao kinaishia hapo. Mimi naona kujitolea kusiwe kinga ya kuhojiwa. Napendekeza miaka 2, ukifanya vizuri unaongezewa mara moja tu halafu unapisha. Maana wengine ukiwaangalia ni kama hawana shughuli nyingine ya maana, kikundi ndo kimegeuka cheo chao mtaani. Mnaonaje?

BintiBustani
Nilikuwa nakusoma vizuri mpaka nilipofika hapo kwenye "hawana shughuli nyingine ya maana". Kaka, mimi ni katibu wa kikundi kama hicho, nina kazi, nina watoto na nina mama mgonjwa ndani. Kiangazi kikishika wale wote wa siku ya kupanda huwaoni tena, unabaki wewe na ndoo yako na wenzako wawili watatu. Udongo wa kujaza viriba vya miche anachekecha nani? Risiti anatunza nani? Barua ya kuomba kibali cha kupanda kando ya mto iliandikwa na nani usiku watu wamelala? Halafu mtu aliyekuja mara moja akapiga picha anakuja kuniambia sina shughuli. Futa kwanza hiyo kauli ndo tuongee ukomo.

Shauri_Yenu
Dada jibu hoja, jamaa kauliza ukomo we unaleta ndoo. Mimi naunga mkono. Cheo kisicho na mshahara ndo kigumu kuliko vyote kukiachia, maana wa mshahara anajua mkataba unaisha lini, huyu wa kujitolea anaona anatudai sote na deni halina tarehe. Na hao viongozi wengi ukiangalia picha zao glavu mpya kabisa, hazina hata tope.

BintiBustani
Glavu mpya?? Kwa hiyo tukiokota chupa zilizovunjika na sindano zilizotupwa mtaroni tuokote kwa mikono mitupu ndo ujue tunafanya kazi? Mwenzetu mmoja alichomwa na sindano kwenye kifurushi cha takataka, alikaa na wasiwasi wa kupima mpaka majibu yanarudi. Usirudie kuongelea glavu kama hujui kilichomo kwenye mtaro.

Shauri_Yenu
Pole kwa huyo mwenzenu, hilo nalisema kwa moyo wote. Ila sijasema msivae glavu. Nimesema picha.

Mzee_wa_Mitaro
Wanangu tulieni. Hii habari ya ukomo mnaileta kutoka siasa za vyama, kwenye mazingira haifai. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 akaisimamia miaka na miaka, angekuja mtu na katiba ya miaka miwili miwili ingekuwaje? Miti milioni 30 na zaidi, mpaka akapewa Nobel ya amani mwaka 2002. Kazi ya miti inataka mtu mmoja mwenye roho ngumu.

Kalamu_ya_Risasi
Shikamoo mzee. Nobel ilikuwa 2004. Mwaka 2002 ndo alichaguliwa kuingia bungeni Kenya. Na huo mfano haukusaidii kama unavyodhani, kwa sababu wale wanawake waliootesha miche hawakuachwa wajitolee tu. Walikuwa wanapewa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche UNAOSHIKA. Siyo uliopandwa, unaoshika. Kwa hiyo kulikuwa na kuhesabu, na kulikuwa na malipo.

Mzee_wa_Mitaro
Marahaba. Mwaka siyo hoja kijana. Hoja ni kwamba hakuna aliyemwambia muda wako umekwisha.

Mpita_Njia2
Hapo kwenye malipo ndo penyewe. Kwa nini tunaogopa kusema viongozi walipwe posho? Mtu anatumia nauli yake, vocha yake, Jumamosi yake, halafu bado tunamtaka atoe maelezo kama mwajiriwa. Mlipeni kwanza ndo mumuwekee ukomo.

Shauri_Yenu
Ukiweka posho umeua kikundi. Siku mfadhili akiondoka na watu wanaondoka. Nimeona kikundi kilichokuwa na watu wengi tu, wakaletewa mradi wenye posho ya kikao, mradi ulipoisha hata wale waliokuwa wanakuja bure zamani hawakurudi, kila mmoja anauliza leo kuna bahasha? Kujitolea kukishaonja pesa hakurudi nyuma.

BintiBustani
Hapo nakubaliana na wewe, na inaniuma kukubaliana na mtu wa glavu. Ila nauli siyo posho. Mtu arudishiwe alichotoa mfukoni. Hivi hata hilo mnaliita mshahara?

Kalamu_ya_Risasi
Mnaweza kuanza bila malipo na bila uchaguzi. Mumbai kuna wakili anaitwa Afroz Shah, mwaka 2015 alianza kuokota taka ufukwe wa Versova na jirani yake mzee sana, wawili tu. Wakaongezeka mpaka ikawa harakati kubwa, mwaka 2016 Umoja wa Mataifa wakampa tuzo yao ya mazingira, na 2018 kasa walionekana wanaangua tena pale ufukweni. Nani alimpigia kura? Hakuna. Uongozi wake ulikuwa ni kuinama na kuokota.

Shauri_Yenu
Basi hata viongozi wa kudumu hatuwahitaji. Estonia mwaka 2008 watu kama 50,000 walijitokeza siku moja tu, wakazoa tani kama 10,000 za taka zilizotupwa ovyo maporini. Siku moja! Wakarudi makwao. Yote haya ya mwenyekiti wa maisha yanatoka wapi?

Fundi_Kitalu
Nimekuwa kimya ila hapa lazima niseme. Taka unaweza kuzizoa siku moja ukaenda zako, na hata hiyo ya Estonia ilitanguliwa na watu waliokaa miezi wanachora ramani za wapi taka zilipo. Mti hauwezi. Nilipita sehemu moja iliyopandwa na kikundi ambacho sitakitaja, mistari mizima imekauka, nikashika mche mmoja mkavu nikauvuta, ukatoka na kiriba chake cheusi kizima, hakijachanwa popote. Nikakipasua kwa kisu. Mzizi mkuu umeshuka umegonga plastiki ukajikunja, ukazunguka chini mara kadhaa, udongo mle ndani umekuwa mgumu kama tofali. Shimo lenyewe kina chake hakizidi kiganja. Nikavuta wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile. Aliyepanda hakuambiwa achane kiriba, na aliyetakiwa kumwambia alikuwa anapanga watu wa kupiga picha ya pamoja. Sasa nyie mnabishana miaka 2, miaka 5, posho, glavu. Mimi nauliza, baada ya miezi mitatu nani alirudi pale kuhesabu? Hakuna! Angekuwepo mtu mmoja tu aliyerudi wiki ya pili angeona majani yanavyolegea, angeng'oa mmoja, angejua, mingine ingeokolewa. Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004 walipanda mikoko sehemu nyingi sana kwa nia njema kabisa, na sehemu nyingi ikafa, kwa sababu walipanda mahali maji yanakaa vibaya na baadaye hakuna aliyefuatilia. Kiongozi mimi nampima hapo tu. Akikaa miaka 20 na miti imesimama, akae. Akikaa mwezi mmoja na miti imekufa na hajui kwamba imekufa, atoke.

BintiBustani
Fundi umesema kweli tupu. Ila hivyo viriba siku zote ni wageni wa uzinduzi! Unawaelekeza asubuhi, chana hivi, toa hivi, wanaitikia, ukigeuka wamefukia kizima wanakimbilia kivuli. Halafu lawama kwa katibu.

Mpita_Njia2
Sasa kwa nini mwaliko unawapelekea wageni kama mnajua wanaua miche? Si kwa ajili ya picha hizo hizo?

BintiBustani
Kwa ajili ya kibali na kwa ajili ya maji! Usipomwalika mkubwa wa eneo hupewi bomba. Wewe umewahi kuongoza nini?

Mpita_Njia2
Hilo swali la "umewahi kuongoza nini" ndilo mleta mada alilolilalamikia toka mwanzo. Soma juu.

Kalamu_ya_Risasi
Naomba niongeze kitu kwa Fundi. Miti kusimama peke yake haitoshi, maana anayehesabu miti ni yule yule mwenyekiti. Valencia, Hispania, wakulima wa umwagiliaji wana baraza lao la maji la karne nyingi, wanakaa kila Alhamisi nje ya mlango wa kanisa kuu, hadharani, mabishano ni kwa mdomo na waamuzi ni wakulima wenyewe waliochaguliwa na wenzao. Elinor Ostrom, yule mama aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alizichunguza jamii za namna hiyo, na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba mlinzi wa mali ya wote anawajibika kwa watumiaji wenyewe. Kwenye vikundi vyetu daftari liko kabatini kwa katibu, ripoti inaenda kwa mfadhili, na anayeishi kando ya mto haoni hata ukurasa mmoja.

Mzee_wa_Mitaro
Hilo la daftari naliunga mkono. Lisomwe mbele ya watu.

Nyasi_Kavu (mleta mada)
Wakuu swali langu lilikuwa ukomo wa uongozi, tumefika Hispania. Sisi kwetu nenosiri la ukurasa, orodha ya wanachama, hata funguo ya chumba cha makoleo, vyote viko kwa mtu mmoja. Akiugua leo tumekwisha. Ndo maana nikaleta mada.

BintiBustani
Ungeanza na hili la funguo tusingegombana. Kwetu funguo ziko tatu. Ila bado hujafuta kauli yako, na bado hujanijibu: mkimtoa huyo katibu wenu, wiki ya kwanza anamwagilia nani?

Nyasi_Kavu (mleta mada)
Wiki ya kwanza zamu ni yangu, nimeshamwambia mwenyekiti. Na ile kauli naifuta. Sasa nijibu la ukomo.

BintiBustani
Miaka 3, na asiyefika zamu ya kumwagilia asipige kura. Hapo mimi niko.

Shauri_Yenu
Asipige kura?? Na mzee asiyeweza kubeba ndoo je? Na mama aliyejifungua juzi? Mto unapita nyuma ya nyumba zao na wao. Hapana, hili silikubali hata kidogo.