Grupu la kazi limegeuka rejista ya mahudhurio ya usiku. Nimechoka!

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina utangulizi, nina hasira na nitasema yote.

Nani aliwaambia mabosi kwamba simu yangu ni mali ya ofisi? Simu nimenunua mwenyewe, bando naweka mwenyewe. Mkataba wangu wa ajira unataja saa ya kuingia na saa ya kutoka, na hakuna kifungu kinachosema nikishafika nyumbani niendelee kuripoti. Lakini ofisi ikifungwa ndipo grupu la WhatsApp linachangamka. Saa tatu usiku: "Naomba takwimu za wiki kabla ya kesho asubuhi." Saa nne na nusu unaingia ujumbe mrefu wa sauti, ambao huwezi kuupitisha macho haraka haraka, lazima uusikilize wote maana jina lako linaweza kutajwa mwishoni kabisa. Jumapili mchana: "Mbona mko kimya?"

Jumapili! Tuseme nini?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni zile tiki za bluu. Zilipoletwa mwaka 2014 zilionekana ni mambo ya wapenzi kuchunguzana. Sasa zimehamia kazini. Na usije hapa kuniambia nizizime kwenye mipangilio. Ukizizima, zinazimika kwenye mazungumzo yako na mtu mmoja mmoja. Kwenye grupu hazizimiki. Aliyetuma anaubonyeza ujumbe wake, anafungua maelezo, anakuta orodha nzima: waliosoma ni hawa, na saa waliyosoma, waliofikiwa ila hawajasoma ni hawa. Bosi ana rejista mkononi usiku na mchana, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kuikubali.

Juzi bosi wetu kaipiga picha ya skrini orodha hiyo, kazungushia duara jekundu majina ya ambao hawajasoma, kairusha humo humo kwenye grupu bila neno hata moja. Mmoja wa waliozungushiwa alikuwa wodini anamuuguza mama yake. Ikabidi aandike mbele ya watu wote: "Samahani bosi, niko hospitali na mama." Jibu alilopata ni kidole gumba. Hakuna pole, hakuna kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Kidole gumba, kisha maagizo ya kesho yakafuata chini yake. Wenzake wakamtumia pole pembeni, kwa sababu kwenye grupu kila mtu anaogopa kuonekana anamtetea. Mimi kitu hiki kimenikaa rohoni mpaka leo.

Siku hizi watu kazini kwetu wanasoma kile kipande cha ujumbe kinachojitokeza juu ya skrini, hawafungui, ili tiki isibadilike. Mtu mzima, mwenye familia yake, anasoma simu yake kwa kujificha akiwa nyumbani kwake! Ukizima data mpaka asubuhi, ni kesi. Ukijitoa kwenye grupu, admini anapata taarifa na kesho yake unaitwa ujieleze.

Halafu kuna wale wa "Nimepokea bosi" saa sita usiku, sekunde hiyo hiyo. Nanyi nawasema. Mmoja akijibu muda huo, wote tuliolala tunahesabika wavivu. Mnadhani mnajijengea jina, kumbe mnamzoesha bosi kwamba hakuna mipaka, na mkichoka mtatamani kuirudisha hiyo mipaka na hamtaweza.

Na hoja ya dharura msiniletee. Kazi zenye dharura zipo, za hospitali, za zimamoto, za mitambo ya umeme, na wenye kazi hizo wana ratiba ya zamu inayojulikana mapema. Takwimu za wiki si moto. Kama wazo limemjia bosi usiku, aliandike asije akalisahau, hakuna anayemkataza. Gmail tangu 2019 ina sehemu ya kupanga barua pepe itoke saa ngapi. Apange itoke saa mbili asubuhi, alale, nasi tulale.

Suala hili wala si la kudeka. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Yaani jambo la kwanza waliloona linahitaji mkataba wa kimataifa ni hilo. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Ureno, tangu 2022, mwajiri anatakiwa asimsumbue mfanyakazi kwenye muda wake wa mapumziko isipokuwa pametokea jambo kubwa lisilozuilika. Australia, Agosti 2024, mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kusoma au kujibu nje ya saa za kazi, labda kama kukataa kwake hakuna msingi. Huko kote kuna biashara na kuna mabosi wenye haraka kama wetu.

Ninachotaka mimi ni utaratibu ulioandikwa. Mwisho wa ujumbe ni saa fulani. Asiyejibu nje ya hapo asiulizwe. Kazi ya usiku ikilazimu, ihesabike kuwa saa za ziada na ilipwe. Orodha ya waliosoma isitumike kumwajibisha mtu.

Mdau ambaye kazini kwao wamefanikiwa kuweka kitu kama hicho, naomba aweke hapa maneno yenyewe yalivyoandikwa, na aseme nani aliupeleka mezani na uongozi ulipinga kwa hoja gani. Nayachukua kama yalivyo, nayapeleka kwenye kikao chetu kijacho cha wafanyakazi. Wale wa "si uache kazi", pitieni tu.